Kanyaga, Shikilia, Achia

Klachi ya Land Rover ya zamani kwa kawaida haitolewi upepo na mtu mmoja. Mmoja analala chini ya gari na spana, mwingine anakaa kwenye usukani na kukanyaga pedali. Hapa kwetu Mlola, miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nakanyaga, na Baba Zuhura ndiye aliyelala chini. Tangu alipofariki, ninayelala chini ni mimi.

Mwezi wa saba, baridi ya milimani ikiwa imepamba moto, pedali ilianza kuzama bila kurudi na gia zikawa zinasaga. Mashemeji wakasema tena liuzwe chuma chakavu, gari la mwaka 1978 la nini? Wazazi wenzangu, hilo ndilo linaloshusha kabichi zetu Lushoto, na ada inatoka humo. Nilibadilisha raba zilizokuwa zinavujisha, ukabaki upepo. Nikamwita Zuhura. Ana miaka 14, na tangu ule msiba alikuwa akinijibu neno moja moja tu.

Mafuta ya breki, ambayo ndiyo ya klachi pia, hayabonyei, upepo unabonyea. Ukiingia kwenye bomba, nguvu ya mguu inaishia kuubana huo badala ya kusukuma klachi. Unavalisha mpira kwenye nati ya kutolea upepo, ncha ya pili unaizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Wa juu anakanyaga na kushikilia, wa chini analegeza nati, viputo vinatoka, anakaza. Ndipo wa juu anaachia. Akiwahi kuachia, upepo unaweza kurudi. Na kopo la mafuta lisikauke. (Vaeni miwani, mafuta hayo yanababua hata rangi ya gari, sembuse jicho.)

Basi lazima msemezane.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia, mama."

Viputo vilipoanza kupungua, akauliza, "Baba naye alikuwa anakuambia hivi hivi?"

Nikamwambia yeye alikuwa anafoka, na nikichelewa anagonga chasisi kwa spana. Nikamsikia anacheka. Kisha yakaja mengine: ya hospitali, ya usiku ule wa mwisho. Mezani asingeyauliza, maana mezani tungetazamana. Nilimjibu yote nikiwa chali, macho kwenye gia boksi.

Upepo ulikuwa umekwisha zamani, pedali imekaza. Sikumwambia. Niligusagusa tu nati kwa spana, nikasema, "Kanyaga tena."