Motakaa Ikataapo Kuwaka

Sisi watu wa vijijini twaijua motakaa kuukuu kuliko watu wa mjini, maana motakaa nyingi huanza kazi mjini, kisha huja kwetu kuzeeka. Ndiyo ichukuayo wagonjwa kwenda hospitali na mahindi kwenda sokoni. Ikivunjika kabisa, taabu yake ni nyepesi: fundi huitwa, hutuonyesha kilichovunjika, nasi hujua bei yake. Taabu iliyo nzito zaidi ni ya motakaa inayowaka leo, ikakataa kesho, kisha ikawaka tena mara fundi afikapo. Ubaya wa namna hii hula fedha, na mara nyingine hula hata heshima ya mtu.

Katika usharika mmoja tunaoujua palikuwa na motakaa ya petroli ya miaka mingi. Ilikataa mbele ya dereva mzee, ikawaka mbele ya mchungaji. Wazee walinunua betri mpya, na baada ya miezi michache wakanunua nyingine. Hali ikawa ile ile. Ndipo manong'ono yakaanza. Wengine walisema dereva hataki safari za usiku, wengine wakasema auza petroli. Usiku mmoja mama mwenye uchungu wa kuzaa alichukuliwa kwa machela, na asubuhi yake motakaa ikawaka mara moja. Mama akapona pamoja na mtoto, lakini dereva alikuwa karibu kufukuzwa.

Sheria ya Musa ilitaka mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuhukumiwa. Tukaomba wazee watupe mwezi mmoja, nasi tukamnunulia dereva daftari, aandike kila mara motakaa ikataapo: saa, mvua au jua, injini ya moto au ya baridi, ametoka njia gani, na amesikia nini alipogeuza ufunguo.

Jambo hili la mwisho ndilo kubwa. Injini ikizunguka vizuri lakini isiwake, kosa hutafutwa katika petroli au katika cheche za plagi. Isipozunguka, au ikizunguka kwa uvivu, kosa hutafutwa katika betri, waya zake, swichi ya ufunguo, na ile mota ya umeme iitwayo stata. Mtu asiyetenga njia hizi mbili atafungua kabureta bure, hali ugonjwa uko katika waya.

Zamani injini ilizungushwa kwa mkono, kwa hendeli, hata mwaka 1912 motakaa za Cadillac za Marekani zilipotolewa na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Tangu hapo betri imefanya kazi ya mkono wenye nguvu, na kazi hiyo si ndogo. Taa mbili kubwa za mbele hutumia ampea 10 hivi. Stata huweza kutumia 150 na zaidi. Basi asemaye, "Taa zinawaka, umeme uko," amesema nusu ya kweli. Georg Ohm, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa shule kama sisi, alieleza mwaka 1827 ya kwamba kizuizi kile kile hula volti zaidi kadiri umeme upitao ulivyo mwingi. Kutu inayozipunguzia taa nusu ya volti haionekani kwa jicho. Lakini ili umeme mara 15 ya huo upite hapo kwenda kwenye stata, kutu hiyo ingekula volti 7 na nusu katika 12 za betri. Basi hautapita wa kutosha, na stata italia "tak" na kunyamaza.

Daftari lilipojaa kurasa mbili tukalisoma. Mvua haikuhusika, wala saa ya usiku. Mara zote motakaa ilikuwa imetoka katika njia ya mawe, na mara zote kulisikika "tak" moja tu. Pia tukaona jambo ambalo hakuna aliyelifikiri: kabla mchungaji hajafika, vijana walikuwa wamekwisha kuisukuma na kuitikisa. Mchungaji hakuwa na mkono wa baraka kuliko dereva. Alifika baada ya dawa kunywewa.

Tukawaagiza vijana wasiiguse ikikataa tena. Ilipokataa, dereva aliiweka bila gia, akavuta breki ya mkono, akawasha taa za mbele, akageuza ufunguo. Kama taa zingezimika kabisa, tungeshuku vifungo vya betri. Kama zingefifia sana, tungeshuku betri yenyewe au stata iliyokwama. Lakini zilibaki na mwanga wake. Basi betri ilikuwa nzima, ila umeme haukupata njia ya kutosha ya kwenda kwenye stata na kurudi. Fundi akachukua waya mnene, akaunga ncha hasi ya betri na chuma cha injini, mbali na betri na mipira ya petroli, maana betri hutoa hewa iwezayo kulipuka kwa cheche. Ufunguo ukageuzwa, injini ikazunguka mara moja. Kosa lilikuwa katika waya unaounganisha injini na chasisi: bolti yake ilikuwa imelegea, na chini yake kutu. Dawa ikawa msasa, spana, na nusu saa ya kazi. Wazee walimwomba dereva radhi mbele ya baraza.

Si kila motakaa ina ugonjwa huo. Ikikataa asubuhi za ukungu hali injini yazunguka, tazama unyevu katika kifuniko cha distribyuta na waya za plagi. Ikizimika ikiwa moto na kuwaka ikiisha kupoa, shuku koili, au petroli iliyogeuka mvuke katika bomba. Ikizimika baada ya mwendo mrefu, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu lake la kupitisha hewa limeziba. Lakini kwa kila ugonjwa kanuni ni moja: badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, maana ukibadili vitatu na motakaa ikapona, hutajua kilichoiponya, wala hutajua la kufanya itakapougua tena.

Na wenye motakaa wakumbuke hili. Dereva aogopaye kufukuzwa hatasema neno motakaa ikianza kuugua, na mficha maradhi kifo humwumbua. Mpeni daftari, mpeni na sikio. Kusukuma kwafaa tu kama mgonjwa yumo ndani na usiku umeingia. Lakini kama kuna nafasi, angalieni kwanza, ndipo msukume, kwa kuwa mikono mingi yenye nia njema huweza kumfukuza shahidi wa pekee aliyekuwa tayari kusema kweli.