Kutoka Disketi hadi Folda ya Pamoja

Nilipoanza kazi ya kuchapa kwenye steshenari moja ya Daraja Mbili, wateja walikuja na disketi. MB 1.44 zilitosha mtihani wa shule ya msingi au barua ya kuomba kazi, ila kadi ya harusi yenye picha ilishindikana. Kazi iliingizwa kwenye kompyuta, ikasahihishwa, ikarudishwa kwenye disketi. Mwalimu akirudi na marekebisho yake, tulianza kwa kuulizana: ipi ndiyo ya mwisho, iliyo kwenye mashine au aliyoishika mkononi?

Flashi zikamaliza tatizo la nafasi, zikatuletea virusi. Flashi ile ile ilipita chuoni, intaneti kafe za mjini na steshenari za Ngarenaro kabla ya kufika kwetu, na kila ilipochomekwa, Windows XP ilifuata maagizo ya faili ya autorun.inf. Virusi vilificha folda za mteja na kuweka programu zao zenye majina yale yale. Februari 2011 Microsoft walisambaza sasisho la kuzima tabia hiyo ya Windows, lakini mashine zetu nyingi hazikuwa na intaneti ya kulipakua.

Kijana mmoja wa chuo aliyekuwa akitutengenezea kompyuta ndiye aliyetuwekea VirtualBox. Ndani ya Windows yetu kukawa na kompyuta pepe ya Ubuntu, nayo flashi za wateja zikawa zinafunguliwa huko tu. Namkumbuka mwanafunzi wa uhasibu aliyeingia na ripoti yake ya utafiti, uso umemshuka.

"Dada, flashi imekula kazi yangu yote."

"Subiri kwanza, mdogo wangu."

Ubuntu haijali alama ya kuficha ambayo virusi hubandika kwenye folda za Windows, na programu za .exe hazijiendeshi zenyewe kule. Folda zake zikajitokeza zote, na ripoti ikiwemo.

Ila printa ilikuwa upande wa Windows. Mwanzoni tulivusha kazi kwa flashi nyingine safi: unaitoa huku, unaichomeka kule, na nakala zinaongezeka tena. Yule kijana akaweka Guest Additions, programu za nyongeza zinazoiwezesha kompyuta pepe kuona folda ya kompyuta iliyoibeba. Folda ikaonekana Ubuntu kama /media/sf_kazi, ikakataa kufunguka mpaka alipomwingiza mtumiaji kwenye kundi la vboxsf na kuiwasha Ubuntu upya. Tangu hapo nilihifadhi faili Ubuntu, nikigeukia Windows naikuta, tayari kuchapishwa. Hapakuwa na nakala ya pili ya kuulizana juu yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mlango unaopitisha kazi unaweza kupitisha na ugonjwa. Faili ya Word yenye makro chafu ikiwekwa kwenye folda ya pamoja, Windows nayo inaweza kuifungua. Tukagawa: folda moja ya violezo vyetu, ambayo Ubuntu iliruhusiwa kuisoma tu, na nyingine ya kutolea kazi, ambamo tuliweka PDF zilizogeuzwa huko huko Ubuntu. Diski C nzima haikuwekwa wazi hata siku moja.

Leo mteja anatuma kazi kwa WhatsApp akiwa bado kwenye daladala. Na tangu 2019, Windows yenyewe inaonyesha faili za Linux, kama Ubuntu, iliyowekwa ndani yake kupitia njia ya \\wsl$, kwa hiyo vijana wanavusha faili bila kusumbuka na vboxsf. Nafurahi kuona wamepunguziwa kazi. Bado nawaambia wanaofungua steshenari: shirikisha folda inayohitajika peke yake, na pasipohitaji kuandikwa, toa ruhusa ya kusoma tu. Kazi ya mteja ni amana. Huwezi kuilinda kama hujui iko wapi, na nani ana ruhusa ya kuibadilisha.