Ua Lililopotea Kiooni

Mara nyingi vijana huusiwa wasome, na wazazi huusiwa wasomeshe. Nasi hatuna la kuongeza juu ya wasia huo. Lakini laiti tungeliambiwa mapema kuwa msomaji hufika mahali akili yake ikamgomea, huenda tusingelifanya tuliyoyafanya katika mwaka wa pili wa masomo yetu, katika chuo kikuu kimoja cha hapa Dar es Salaam.

Somo lenyewe lilikuwa la kuandika programu za kuchora kwa kompyuta. Kabla hatujaliingia tulilidharau, tukidhani ni mchezo wa rangi. Kumbe ni hesabu tupu. Kioo cha kompyuta ni mfano wa mkeka uliosukwa kwa vijinukta vingi mno, viitwavyo pikseli, na kila kimoja kina mahali pake: hatua kadhaa kwenda kulia, na hatua kadhaa kwenda chini. Kwenda chini, ndugu msomaji, wala si kwenda juu kama tulivyozoea sekondari. Maana hesabu ya kioo kwa kawaida huanzia pembe ya juu, upande wa kushoto. Hata mstari ulionyooka hauchoreki hivi hivi, bali yakupasa uamue kijinukta kipi kiwashwe baada ya kipi. Njia tuliyofundishwa kwanza ni ile aliyoibuni Jack Bresenham mwaka 1962, alipokuwa mtumishi wa kampuni ya IBM, nayo yatumia namba kamili peke yake, bila ya desimali. Hapo tulifurahi. Tukazidi kufurahi mwalimu alipotukumbusha kuwa neno algorithimu, lenye maana ya utaratibu wa hesabu kama huo, latokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9.

Furaha hiyo haikutimiza mwezi. Ukaja mlango wa kuhamisha na kugeuza maumbo kwa kutumia matriksi. Tulipewa kazi ya kuchora ua moja, kisha kulirudia katika pembe nne za kioo, kila pembe likiwa limegeuzwa. Ua la kwanza likatoka zuri. Tulipoligeuza robo ya duara, likapotea, kioo kikabaki cheupe. Tukabadili namba, likapotea tena. Wenzetu walikuwa wakichekeana kwa maua yao, na sisi hata la kuonyesha hatuna. Katika jaribio tukapata alama 9 katika 30.

Sasa yafaa tueleze kompyuta ile ilitoka wapi. Baba yetu auza kanga Kariakoo, mtaa wa jirani na Soko Kuu, lile lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Fedha aliyotununulia kompyuta ya mpakato ilikuwa ya kuongeza mzigo wa dukani, na mwezi ule rafu mbili zilikaa tupu. Tulizijua rafu zile. Basi badala ya kusema kweli, kwa muda wa wiki tatu tuliaga kila asubuhi kuwa twenda chuoni, tukaenda kukaa katika bustani ya Mnazi Mmoja mpaka adhuhuri. Tulikwisha azimia kuacha masomo. Jioni mama akiuliza habari, twajibu, alhamdulillahi, masomo yaendelea. Hata kwenye swala tulikuwa tukiomba jambo letu lisitirike, ombi ambalo sasa twaona haya kulikumbuka.

Halikusitirika. Mchuuzi mmoja aliyetujua alimwambia baba, pasipo nia mbaya, kuwa hutuona pale kila siku. Baba akatuita dukani.

"Mwanangu, pale bustanini pana mwalimu gani?"

Hakupaza sauti. Ilikuwa heri angelipaza. Tukamweleza yote, alama zile 9 pamoja. Akanyamaza. Akaingia mteja, akauziwa doti mbili baada ya kuvutana sana juu ya bei, akaenda zake. Na sisi tungali tumesimama pale pale. Kisha baba akasema, "Haya, nionyeshe hicho kilichokushinda."

Baba aliishia darasa la saba. Tulimfungulia kompyuta bila ya matumaini, tukamwonyesha ua, na namna linavyopotea. Akauliza, "Na hicho kinachogeuza kimesimama wapi?" Tukamjibu, katika pembe ya juu ya kushoto, ndiko hesabu inakoanzia. Akachukua daftari la madeni, akatukabidhi, akatuambia tunyooshe mkono juu ya meza, kisha akatushika bega akatugeuza. Daftari likapita hewani mpaka nje ya meza.

"Umelifagia, hukuligeuza. Lilete kwako kwanza, uligeuze hapo ulipo, ndipo ulirudishe mahali pake."

Akatandaza kanga, akatuonyesha kwa kidole pindo lilivyozunguka pande nne, na ua la pembeni lilivyo lile lile moja. Mambo hayo matatu, kuleta, kugeuza, kurudisha, tulikuwa nayo daftarini kwa mwandiko wetu wenyewe, pamoja na onyo kuwa matriksi si kama namba za kawaida: ukibadili mpango wa kuzidisha, jawabu nalo hubadilika. Tuliyaandika tu, hatukuyaona.

Tulirudi chuoni tukamwomba mwalimu radhi. Alama za mahudhurio zilikwisha potea, hazikurudi. Lakini katika jaribio la pili tulipata 24.

Usiku mmoja tulimpelekea baba kanga nzima iliyochorwa kiooni, yenye pindo na mji, na maua manne pembeni yametulia. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Nzuri. Lakini jina lake liko wapi?"

Kanga isiyo na maneno! Tulikuwa bado hatujafika kwenye mlango wa herufi, ambazo huchorwa kwa mistari ya kupinda yenye jina la Pierre Bézier, mhandisi aliyeitumia katika miaka ya 1960 kubuni mabodi ya magari ya Renault huko Ufaransa. Tukamwambia baba asubiri wiki mbili. Akasema atasubiri, na kwamba maneno atayachagua yeye.