Siku nne peke yangu kando ya ziwa: ukitaka kwenda na hema, soma hii kwanza

Leo tunaweka pembeni viwavijeshi na bei ya choroko. Tangu nilipotaja kwamba likizo ya mwezi wa nane niliitumia kusafiri peke yangu kwa pikipiki, na hema mgongoni, kutoka Bariadi mpaka mwambao wa ziwa, maswali yamekuja mengi kuliko yale ya chanjo ya kideri. Wengi wanaouliza ni wanawake, na swali ni moja: "Bibi shamba, hukuogopa?"

Niliogopa. Ila nilichokiogopa sicho mnachokidhani, na ndiyo maana naandika.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali. Mtu akisikia Simiyu anawaza pamba, ng'ombe na vumbi. Anasahau kwamba mkoa ulipoanzishwa mwaka 2012 tulipewa na Busega, iliyomegwa kutoka Magu, na Busega imelalia Ghuba ya Speke. Huo ndio mwambao wetu. Usitegemee ufukwe wa mchanga mweupe kama wa kwenye kalenda. Pana vipande vya mchanga, pana mafunjo na matete, na mahali pengine mawe makubwa kama nyumba yameshuka mpaka majini, moja juu ya jingine, utadhani yamepangwa. Ukikaa juu yake jioni unaiona ghuba nzima. Nimefanya kazi mkoa huu miaka mingi na sikuwahi kukaa pale bila kuwa na fomu ya kujaza.

Kutoka Bariadi kupitia Dutwa mpaka Lamadi ni lami, kilomita zipatazo 70. Lamadi unakutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Ukikata kulia unaelekea Bunda, na hutaenda mbali kabla ya kufika lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Upande huo usifikirie hema wala matembezi ya miguu. Wanyama hawasomi mipaka, na wakulima wa karibu na hifadhi wanaijua hasara ya tembo kuliko mimi ninavyoweza kuieleza. Mimi nilikata kushoto, kuelekea Nyashimo, halafu nikawa naziingia njia ndogo za kushuka ziwani, moja baada ya nyingine. Hizo njia ni nzuri kiangazi tu. Nyingi zinakatiza udongo mweusi wa mbuga, na unajua mbuga ikinyeshewa: tairi inageuka tofali. Kwa hiyo nenda kati ya mwezi wa sita na wa nane, mvua ikiwa mbali. Jaza mafuta Lamadi, chukua tyubu ya akiba, pampu na spana ya plagi. Safari nzima sikumaliza lita nane.

Sasa nilichoogopa. Sikuogopa giza wala upweke. Niliogopa kudhaniwa mwizi.

Fikiria wewe ni mvuvi. Nyavu zako na mashine ya mtumbwi ndiyo mali yako yote. Saa nne usiku unaona mwanga wa tochi katikati ya mawe, unakuta hema, na ndani yake mtu asiyejulikana. Huku Usukumani sungusungu si hadithi za zamani, na yowe likipigwa watu hawaji na maswali. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza, ambayo sitailegeza kwa ajili ya mtu yeyote, ni hii: usifunge hema kabla hujaonana na mwenyekiti wa kitongoji. Fika mwaloni mapema, saa tisa au saa kumi alasiri, watu wakiwa wanaona uso wako. Salimia kwa Kisukuma hata kama unakijua kidogo. "Mwadila" moja inafungua mlango ambao barua ya mkurugenzi haifungui. Halafu toa kitambulisho na useme ukweli: nimekuja kupumzika, nitalala usiku mmoja, naomba nionyeshwe pa kulala. Ukiweza, waone pia viongozi wa BMU, maana wao ndio wanaojua nani yuko majini usiku ule.

Mwenyekiti wa kwanza niliyemwendea alikigeuza kitambulisho changu mbele na nyuma, akaniuliza, "Mama, mzee nyumbani anajua uko huku?"

"Anajua. Ndiye aliyenifungia mizigo."

Akacheka, lakini hakuishia hapo. Aliomba namba ya mume wangu na akampigia palepale mbele yangu. Najua baadhi yenu, dada zangu, mtakereka. Mtu mzima mwenye mshahara wake anaombewa ruhusa! Na mimi nilikereka kidogo. Lakini usiku ule, kila aliyepita na tochi alikuwa anajua mle ndani kuna bibi shamba wa Bariadi amelala. Sijui ulinzi mwingine unaoweza kuununua kwa simu ya dakika moja. Msafiri wa peke yake asiye na mwenyeji ni mtu aliyepotea, hata kama ramani iko mkononi.

Nilipelekwa kwa bibi mmoja anayeanika dagaa. Alinikataza kulala mahali ambapo mgeni yeyote angepapenda: uwanda mdogo karibu na maji, majani mafupi, sawa kama yamefyekwa. "Mayu," akaniambia, "hayo majani hakuyafyeka mtu." Akanionyesha uchochoro ndani ya matete, upana wa mkokoteni, na nyayo zenye vidole vinne. Njia ya kiboko. Mchana hukaa majini, jua likizama hutoka kula majani, na kabla ya mapambazuko hurudi kwa njia ileile. "Hana ugomvi na hema," bibi akasema, "ana ugomvi na aliyemlalia njia."

Nikalifunga hema nyuma ya nyumba yake, kati ya mawe mawili. Kwenye saa tatu nilimsikia akitafuna. Ni sauti kubwa kuliko unavyodhani, kama ng'ombe watatu kwa pamoja, na katikati yake mkoromo. Bibi alikohoa ndani kwake, akageuka kulala. Mimi nililala saa nane.

Kwa hiyo zingatia haya kuhusu kiboko. Usitembee ukingoni baada ya jua kuzama wala kabla ya kupambazuka. Usijikute kati yake na maji. Akishtuka hukimbilia ziwani, na atakayesimama katikati hana bahati. Ukienda haja usiku, nenda upande wa nyumba. Na ukiteka maji, teka kwa ndoo yenye kamba, ukisimama juu ya jiwe, kwa sababu mamba naye yupo na hatoi taarifa.

Nikiwa kwenye maji, nimalizie hapo, maana jambo hili ndilo lililonigusa kuliko yote.

Asubuhi ya siku ya tatu niliacha pikipiki uani kwa mwenyeji nikatembea kwa miguu kufuata ukingo mpaka mwalo unaofuata. Kilomita nane hivi, ila juu ya mawe kilomita nane zinadai nguvu za kumi na tano. Anza saa kumi na mbili asubuhi na ifikapo saa nne uwe kivulini, kwa sababu mawe yale yakishika jua yanageuka kikaango. Vaa viatu vyenye kisigino kilichoshika vizuri, si ndala. Jiwe kavu ni salama. Lenye ukijani karibu na maji litakuangusha. Shika fimbo, na usiweke mkono kwenye ufa usiouona ndani. Ukiona mawe yenye michirizi myeupe ujue ni choo cha pimbi, na palipo na pimbi wengi nyoka naye hakosi sababu ya kuwepo. Nilikwenda saa tatu nzima bila kutamka neno. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuongea mchana kutwa, kwenye mikutano ya kijiji na kwenye simu, hiyo peke yake ilikuwa likizo. Furukombe alikuwa akilia juu ya mti uliokauka, na nilipomaliza kumsikiliza hakuna aliyeniuliza bei ya mbegu.

Kisha mawe yakaisha, nikatokea kwenye bustani ya nyanya. Safi kabisa, mistari imenyooka. Kijana mmoja alikuwa akichanganya dawa kwenye bomba la kupulizia, miguu yake ikiwa majini. Alipomaliza akasuuza kizibo cha chupa ziwani. Hatua kama ishirini kutoka pale, mama wawili walikuwa wanateka maji ya kunywa.

Nilikuwa likizo, lakini macho hayaendi likizo. Nikamsalimia, nikakaa. Nilimuuliza kama anajua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli kama ile ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Alikuwa anajua. Aliniambia, bila hasira, "Mama, hizo mita sitini unazipima kutoka wapi? Mwaka 2020 maji yalikuja mpaka kwenye mkuyu ule. Shamba langu halali lilikuwa hapa tunapokaa, likazama. Yaliporudi nikalifuata."

Ni kweli mwaka ule ziwa lilipanda likavuka hata kiwango cha mwaka 1964, ambacho wazee huku bado wanakikumbuka. Sikuwa na jibu la mahali pa kupimia. Nilichomwambia ni vitu alivyoweza kufanya siku ileile: achote maji kwa ndoo na achanganyie dawa juu, mbali na ukingo, maji ya kusuuzia bomba ayapulizie kwenye mstari wa nyanya, asiyarudishe ziwani, makopo matupu ayatoboe ili yasiishie kuwa vyombo vya kutekea maji, na aache matete yaote kati ya shamba na maji, maana yanashika udongo na dawa. Alikubali ya bomba na makopo. La matete alisema litamlia mistari miwili. La kuhama hatukulimaliza. Wiki iliyopita alinipigia simu: anachanganyia juu sasa, na amemwambia jirani yake naye afanye hivyo. Bado yuko palepale.

Kwa hiyo nikishauri kuhusu maji ya kunywa, nashauri nikiwa nimeona. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi sumu ya shambani. Maji ya kunywa yabebe kutoka mjini kwenye dumu. Mimi nilijaza Lamadi na nikajaza tena Nyashimo. Ya ziwa yatumie kwa kuoga na kuoshea vyombo, na hata hayo usiyatumie papo hapo. Mwambao huu una kichocho cha tumbo. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na hupenya ngozi nzima, haihitaji kidonda, na vinakuwa wengi zaidi jua likiwa kali. Ukiyaweka maji kwenye ndoo siku mbili vinakufa. Kama huna siku mbili, yapashe moto. Kuogelea niliwaachia watoto, ambao nao ningewakataza kama wangekuwa wangu.

Chakula kisikusumbue. Watu wa mjini wananunua makopo na biskuti ilhali bibi zetu walishatatua jambo hili zamani. Beba matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, unavila hivyohivyo bila moto, pamoja na karanga za kukaanga. Michembe pia ni mizuri, ila inataka kupikwa, na kiangazi moto kando ya matete makavu ni hatari. Uwashe uani kwa mwenyeji. Dagaa nunua kwa anayeanika juu ya chanja, si juu ya mchanga. Utamshukuru kila ukitafuna.

Ukitaka usingizi, panga safari yako kwa mwezi. Giza likiwa zito wavuvi wa dagaa wako kazini, taa zao zinawaka ghubani kama mji mzima umehamia majini. Ni kitu cha kuona, lakini alfajiri mwalo unaamka kwa kelele za mashine na madalali. Mbalamwezi ikiwa kamili wengi hupumzika na ufuko hutulia.

Simu: tulikubaliana na mume wangu nipige kila siku saa moja jioni. Nisipopiga mpaka saa tatu, yeye ampigie mwenyekiti wa mahali nilipolala, ambaye namba yake nilikuwa nimemtumia mapema. Kati ya mawe mtandao unapotea, kwa hiyo saa kumi na moja nilikuwa naanza kuutafuta, si saa moja kasoro dakika tano. Mwalo mmoja ilibidi nipande mpaka nyuma ya shule ndipo simu ikashika.

Na ukirudi, usingoje kuumwa. Kichocho kinaweza kukaa mwilini muda mrefu bila dalili, na ukipima mapema mno hakionekani. Mimi nilisubiri wiki nane nikapeleka choo maabara, hawakuona kitu. Wakiona kwako, dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na kipimo chake kinategemea uzito wako. Kunywa ukiwa umekula, na siku hiyo usipange kwenda shamba.