Nilivyochagua hema la kuishi, si la wikendi

Wacha nianze na hesabu ndio tuelewane. Chumba changu cha Zimmerman kilikuwa kinakula shilingi 8,500 kila mwezi, maji na stima kando. Halafu nikapata kazi ya mkataba Laikipia, miezi kumi, kuhesabu miti na kupima nyasi pamoja na watafiti. Chakula wanatoa wao. Malazi ujipange: kila mtu aje na hema lake, na kambi inahama kila baada ya siku tatu au nne, wakati mwingine kwa miguu. Nikazidisha 8,500 mara kumi, nikaona karo ya mdogo wangu imekaa pale. Nikarudisha funguo kwa keateka.

Kumwambia mama ndio ilikuwa kazi. Alinyamaza kwa simu hadi nikadhani kredo imeisha. Kisha akasema, "Hema tena?"

Hiyo "tena" ina historia. Mwaka wa 2008 tulikaa kwa hema pale uwanja wa maonyesho wa Nakuru, watu sita, baada ya vurugu za uchaguzi. Nilikuwa na miaka mitano. Sikumbuki mengi, lakini nakumbuka mvua ikianza usiku mama alikuwa anatuambia tusiguse turubai, kwa sababu ukigusa tu mahali, maji yanaanza kupenyeza hapo hapo. Tulikuwa tunalala tumejikunyata katikati kama vifaranga. Kwa hivyo nyinyi mnaosema kulala nje ni raha, sawa, hata mimi napenda. Lakini kuna watu wakisikia neno hema hawaoni moto na gitaa.

Na mimi mwenyewe nilikuwa nishaumwa. Hema langu la kwanza nililinunua kwa picha. Duka silitaji. Lilikuwa limeandikwa halipitishi maji, bei poa, nikabeba mbio. Nikaenda nalo Mlima Kenya njia ya Sirimon, kambi ya Old Moses, mita 3,300 juu. Mvua ya saa mbili tu, nguzo moja ya fiberglass ikapasuka kwa urefu kama muwa, vipande vikatoboa kitambaa, na maji yakaingia kwa mishono. Nililala nimekaa. Asubuhi nilikuwa na vijiti vya glasi kwa vidole.

Sasa hii ya Laikipia si usiku mmoja. Ni karibu usiku 300. Ukichagua hema la wikendi vibaya, unarudi nyumbani Jumapili unacheka. La kuishi ukikosea, hakuna pa kurudi. Mimi nilikuwa nisharudisha funguo.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba ukitafuta hema jepesi, unauziwa wembamba. Kuna ile namba ya kitambaa inaandikwa 10D, 20D, 40D. Maana yake ni uzito wa uzi kwa gramu ukiunyoosha mita 9,000. Yaani uzi wa 20D ukiufungua kutoka Archives hadi upite Allsops, wote unakuwa na uzito wa gramu 20. Hebu fikiria 10D! Kwa mtu anayepanda mlima wiki moja, sawa. Kwa mtu atakayelala juu ya miiba ya migunga miezi kumi, hapana, asante. Mimi nilikubali kubeba gramu 400 zaidi ili sakafu iwe nene. Mgongo wangu ulilalamika siku mbili ukazoea.

Kuna hema za Dyneema, zile zinang'aa kama karatasi ya sambusa. Hazinywi maji, hazilegei, na ni nyepesi ajabu. Bei yake ni bei ya laptopu. Tuendelee.

Vita vya kweli ni nailoni na polyester. Nailoni ina nguvu kwa uzito wake, lakini ikilowa inanyooka. Unalala hema limekaza kama ngoma, unaamka usiku wa manane paa limekushukia usoni. Polyester hailegei hivyo, na jua inalivumilia vizuri zaidi. Na jua, wasee, tusilichukulie poa. Ikweta inapita pale Nanyuki na Laikipia yote iko juu, kwa hivyo mwale unaokuchoma shingo ndio huo huo unaokula kitambaa pole pole kila siku. Hema linaloachwa wazi mchana kutwa linazeeka haraka hata bila kuchanika. Nikaamua polyester. Kuna watu watanibishia hapa, wabishe.

Kuhusu maji, angalia milimita. Namba kama 1,500 inamaanisha kitambaa kinaweza kubeba maji ya kina cha mita moja na nusu kabla ya kuvuja. Kwa paa inatosha. Sakafu inataka zaidi, 3,000 kuendelea, kwa sababu goti lako linakandamiza kitambaa kwenye udongo uliolowa kuliko mvua yenyewe inavyokandamiza paa. Halafu uliza mishono. Vitambaa vilivyopakwa silikoni havishiki ile tepu ya mishono, kwa hivyo mara nyingi ni wewe utapaka gundi ya silikoni mwenyewe kwa brashi. Si ngumu. Ni kusahau ndiko kunaua.

Ukweli nusura ninunue la mtumba. Nilipata moja sokoni, jina kubwa la ng'ambo, shilingi 3,000 tu. Nikalifungua, likatoa harufu ya matapishi ya mtoto na kitambaa kilikuwa kinanata kwa mkono. Kumbe ile rangi ya ndani ya kuzuia maji, ile ya polyurethane, ikihifadhiwa na unyevu inaoza. Ikishaanza kunata haina kurudi nyuma. Muuzaji aliniambia ni vumbi tu, nianike. Nikamwambia ahsante, nikaondoka nikiumia moyo kidogo. Kwa hivyo ukienda mtumba, nusa kwanza. Usione aibu.

Nguzo nilitaka alumini, basi. Alumini ikizidiwa inapinda, na iliyopinda unaweza kuinyoosha au kuivalisha kale kabomba kafupi ka kuunganisha. Fiberglass nishaeleza. Na nilitaka hema linalosimama lenyewe bila kutegemea vigingi. Zile zinazosimama kwa fimbo za kutembelea ni nyepesi zaidi, zingine hazifiki kilo moja, na kusema kweli ziliniingia sana. Lakini udongo mweusi wa Laikipia ukikauka kigingi kinapinda kabla hakijaingia, na ukilowa unakuwa uji, kigingi kinatoka chenyewe. Upepo ukija saa tisa usiku utabaki na kitambaa kimekufunika.

La mwisho, na hili hawasemi kwa matangazo: keti ndani. Kama dukani hawakuruhusu kulisimamisha, ondoka. Miezi kumi ya kuvaa suruali ukiwa umelala chali ni mateso. Mimi ni mrefu kiasi, nikahitaji kimo cha kuketi bila kichwa kugusa wavu, na kibaraza kidogo mlangoni cha kuacha viatu vya matope. Chakula usiweke hapo wala ndani. Ndovu ana pua kuliko wewe.

Nililonunua lina kilo 1.7, ukuta mara mbili, wavu ndani na paa la polyester nje. Lilimeza karibu mshahara wangu wote wa kwanza, ule wa kutanguliziwa.

Kabla sijaripoti kazini nilipitia nyumbani Nakuru, nikalisimamisha uani. Mama alipita mara tatu akienda kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka. Hakusema kitu. Usiku mvua ikaja, ile ya Nakuru ya kupiga mabati kwa hasira. Mnamo saa tisa nikaona mwanga wa tochi nje.

"Mama, umelala?"

Ananiita mama, jina la nyanya yake ndilo langu.

"Hapana, mama."

"Maji yameingia?"

Nikafungua zipu. Alikuwa na mwavuli na ndara za bafu. Hakuingia, aliinama tu akapitisha mkono kwenye kona za sakafu, moja moja, kama anayetafuta sarafu. Kisha akagusa upande wa ndani wa lile paa la nje. Mkono ukarudi umelowa. "Si haya hapa?"

Nikamweleza si mvua, ni pumzi yangu. Mtu anatoa mvuke usiku kucha, ukikutana na kitambaa baridi unageuka matone. Ndio maana kuna kuta mbili, matone yateremke kwa ule wa nje bila kukufikia, mradi tu hizo kuta mbili zisigusane.

Alifikiria kidogo, mvua ikigonga mwavuli.

"Kwa hivyo bado usiguse."

"Bado nisiguse."

Akarudi ndani. Asubuhi nilikuta leso kuukuu imekunjwa juu ya begi langu, ile ya maua mekundu. Akasema ni ya kupangusia paa kabla sijalikunja, kitu kilicholowa hakifungwi. Niko mwezi wa nne sasa. Kila asubuhi kabla ya chai napangusa nayo, naianika juu ya mgunga, na tukifika kambi mpya naanza kwa kulifungua hema lote lipigwe na upepo hata kama nimechoka vipi. Zipu ndiyo imeanza kusumbua, mchanga umeingia kwa kichwa chake. Nikipata siku ya kwenda Nanyuki nitampelekea fundi wa mabegi akibadilishe.