Wanja wa Kale

Katika viungo vya mwili, ni vichache vilivyosifiwa na washairi kama jicho, na ni vichache vilivyo vyepesi kudhurika kama hilo hilo. Mwenye kulipamba, basi, hana budi kuwa msanii na mlinzi kwa wakati mmoja.

Mimi ni mwenyeji wa Nakuru. Husemwa kuwa jina la mji wetu lina asili katika lugha ya Kimaasai, na maana yake ni mahali pa vumbi. Katika kiangazi cha Januari na Februari upepo huliinua vumbi hilo, na macho ya watu huwa mekundu. Lakini vumbi halijapata kumzuia mtu kupenda uzuri. Siku za harusi, au za michezo ya kuigiza shuleni, mabinti wa kaka yangu huja kwangu niwapambe macho kwa mitindo ya zamani.

Mitindo hiyo ina historia ndefu. Watu wa Misri ya kale, wanaume kwa wanawake, waliyazungushia macho yao wanja mweusi. Sanamu ya Malkia Nefertiti, iliyofukuliwa mwaka 1912, ingali na mistari hiyo. Mwaka 1963 Elizabeth Taylor aliigiza Cleopatra katika sinema, na macho ya Kimisri yakaigwa upya Ulaya na Marekani. Pwani yetu haikungoja sinema. Wanja wa manga ulijulikana huko tangu zamani, na Manga ni jina la kale la nchi za Arabuni. Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, ilifungua njia kwa watu wa pwani na wafanyabiashara wa Kihindi, waliokuja na desturi zao za mapambo.

Kazi yangu huifanya hivi. Kwanza nanawa mikono kwa sabuni, nao huosha nyuso zao. Kila mmoja hutumia kalamu yake ya wanja. Naweka vituo vidogo vidogo karibu na mashina ya kope za juu, kisha naviunganisha kuwa mstari mmoja, mwembamba upande wa pua na mnene kadiri uendavyo nje. Mwisho wake nauelekeza kwenye ncha ya nyusi. Anayependa mtindo wa Twiggy, mwanamitindo wa Uingereza aliyepata sifa mwaka 1966, humchorea vijistari chini ya jicho, kimoja kimoja, mfano wa kope. Kabla ya kulala, yote huondolewa kwa pamba yenye mafuta kidogo, kisha maji.

Siku moja mkubwa wao alileta kichupa cha wanja wa unga, kisicho na jina la mtengenezaji.

"Shangazi," alisema, "huu ndio wa asili. Kalamu ni mambo ya juzi."

Nilikataa, nikampa sababu. Wanja mwingi wa unga husagwa kutokana na jiwe liitwalo galena, lenye risasi ndani yake. Ni madini yale yale yaliyoipa jina risasi ya bunduki, ila hii hujeruhi polepole na bila kishindo. Mtoto hufikicha macho, kisha hutia vidole kinywani, na sumu ikaingia mwilini ikadhuru ubongo. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi kijulikanacho kuwa salama, na kwamba watoto wadogo hufyonza risasi waliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko watu wazima.

"Lakini bibi aliutumia," alijibu, "na macho yake yalikuwa mazima mpaka uzeeni."

Nilimwambia kuwa macho ya bibi tuliyaona, bali risasi hujificha mifupani, na mifupa yake hakuna aliyeipima. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Liko na jambo la pili. Ugonjwa wa vikope, uitwao pia trakoma, umewasumbua kwa miaka mingi jirani zetu wa Narok na Baringo. Vijidudu vyake huenezwa na mikono, vitambaa na nzi, na huweza kumpofusha mtu. Kijiti kimoja cha wanja kinachopita jicho hadi jicho ni daraja la vijidudu. Hata rangi ya kope ya zamani iliuzwa kama kibonge kikavu, na wengi walikilowesha kwa mate. Desturi hiyo haistahili kufufuliwa.

Binti alikifunga kichupa chake, akauliza kama kalamu yaweza kuchora jicho la Nefertiti. Yaweza, na jioni hiyo ilichora.

Vijana, kurithi si kubeba kila kilichoachwa nyumbani. Tuwarithi wazee wetu mstari wao mzuri, tuuache unga.