Sikio Halirithiwi

Aghalabu husemwa kwamba mtu huzaliwa na muziki wake kama azaliwavyo na lafudhi yake: wa pwani na taarab, wa bara na ngoma yake, kila mmoja abaki na lake. Kauli hii ina ukweli kiasi, kwani sikio la mtoto hulishwa kwa kile kilichomo nyumbani. Lakini kulishwa si kuonja. Ladha mtu huitafuta mwenyewe, na mara nyingine huipata mahali alipokatazwa kwenda.

Nimelelewa Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba ambamo muziki maana yake ilikuwa taarab tu. Marehemu baba alikuwa mpenzi wa Ikhwani Safaa, klabu iliyoundwa mwaka 1905, na mwaka huo aliutaja kana kwamba ni sehemu ya nasaba yetu. Redio ikipiga wimbo, alitutaka tunyamaze tusikie maneno. Wimbo ukisha hutuuliza: mtunzi amekusudia nini? Fumbo hili anafumbiwa nani? Kwa hivyo taarab niliijua kwanza kwa mlango wa ushairi, kwa vina vyake vya kati na vya mwisho, na kwa namna inavyosema jambo zito pasi na kulitaja. Ala nilizichukulia kama sinia: la muhimu ni wali uliopakuliwa juu yake.

Upande wa mama kulikuwa na desturi nyingine. Mama mdogo alikaa Ng'ambo, na huko harusi haikutimia bila ya kidumbak. Asiyekijua na afahamu kwamba kidumbak ni ndugu wa taarab, ila vyombo vyake ni vichache: vigoma viwili vya udongo vilivyowambwa ngozi, fidla moja, cherewa, vijiti vya mkwasa, na sanduku lenye mti na kamba moja linalotoa sauti nzito ya chini. Nyimbo za taarab huunganishwa moja baada ya nyingine, mwendo ukazidi kukazwa, na watu hawakai vitini. Baba alikiita taarab ya wasiokuwa na adabu ya kusikiliza.

Jambo hili lilizua ugomvi wa kweli alipoolewa dada yangu mwaka 1986. Baba alitaka taarab peke yake. Mama mdogo alitaka usiku mmoja uwe wa kidumbak. Baba akamjibu kwa methali: mwacha asili ni mtumwa. Mama mdogo hakupandisha sauti. Alisema, "Shemeji, si ngoma unayoikataa. Unatukataa sisi tunaoicheza." Usiku wa kidumbak ulikuwapo, baba hakuhudhuria, na wawili hao hawakusemezana mpaka Ramadhani ilipoingia.

Mimi nilihudhuria. Nilikaa karibu na mpiga sanduku, na kwa kuwa kelele za watu zilifunika maneno, kwa mara ya kwanza nilisikia muziki usionipa fumbo la kufumbua. Kigoma kimoja kilishika mwendo bila ya kuyumba; cha pili kilikuwa kikiuliza, kikikatiza, kikirudi. Hapo nilielewa kuwa mapigo nayo yana hoja zake.

Methali ya baba niliiwaza kwa miaka mingi. Asili ipi hasa? Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Misri, akampeleka mtu Cairo kujifunza kanuni. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa wafinyanzi na kuuza vyungu kabla ya kuuza sauti yake, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi sahani kwa Kiswahili. Basi hiyo tuliyoiita asilia imekuja kwa jahazi na kwa meli, tena imebebwa juu na binti wa shamba. Lau masikio ya wakati ule yangelikuwa makali kama ya baba, tusingelikuwa na cha kurithi.

Nilipokwenda Dar es Salaam kwa masomo, nikakutana na muziki wa dansi. Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa ikiitwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Kwanza nilisikiliza kama nilivyofunzwa, nikitafuta vina, na havikuwa vingi. Baadaye nikafuata magitaa. La solo husema, la rithimu hujibu, besi huwapatanisha, na wimbo uliokwenda taratibu hufika kwenye chemko, maneno yakapungua na magitaa yakashika zamu. Sikuyaacha ya kwetu kwa kuyapenda haya. Niliporudi Unguja na kukaa mbele ya kanuni, nilisikia kitu kilichokuwapo siku zote: ile sauti ya makamu ya Bayati iliyo katikati ya noti mbili, isiyopatikana kwenye kinanda cha kawaida. Magitaa ya Dar es Salaam ndiyo yaliyonifundisha kuisikia.

Msomaji asidhani kwamba kupenda vingi ni kutopambanua. Taarab ya kisasa, iliyovuma tangu miaka ya 1990 kwa vikundi kama East African Melody, siipendi sana. Vinanda vya umeme aghalabu huzisawazisha sauti zile za katikati, na mafumbo yamegeuka matusi ya wazi mara nyingi. Hata hivyo nimewaona wanawake wakinyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji, kila mmoja akiuchagua ubeti wake, na nyuso zao zikisema lile lisilosemeka nyumbani. Muziki unaoifanya kazi hiyo siwezi kuuita upuuzi. Nasema tu kwamba si chakula changu, na sababu zangu nazijua. Baba hakuwahi kukaa usiku mmoja penye kidumbak.

Haya nawaandikia hasa wenzangu wapenda mashairi. Sisi tumezoea kuhesabu mizani na kukagua vina, na ni wajibu wetu. Lakini mizani kumi na sita iliyotimia huweza kumshinda mwimbaji, kwa kuwa mtunzi hakumwachia pa kuvuta pumzi, wala hakufikiri ni irabu gani itakayobeba sauti ndefu pale fidla inapomngojea. Aliyekaa karibu na sanduku, au aliyefuata gitaa la solo mpaka mwisho wa chemko, huandika ubeti wake akijua kwamba kuna watakaoupokea baada yake.

Mama mdogo angali hai. Wajukuu wake husikiliza zenji fleva kwenye simu, naye huwaomba wapunguze sauti, kisha huwauliza ni nani aliyepiga ngoma ile.